Kabureta Haina Kosa

Jumapili asubuhi, kituo cha mafuta karibu na Limuru. Pikipiki kubwa kumi hivi zimepangwa ubavu kwa ubavu, nyingi mpya, na moja ya mwaka 1996, silinda nne, rangi yake nyekundu imeanza kuelekea waridi. Hiyo moja inakohoa. Ukiiacha itulie inazima. Ukiipiga resi inasita, inawaza, kisha inaruka kama mbuzi aliyekanyagwa mkia.

"Ni kabureta," akasema wa kwanza.

"Kabureta," akaitikia wa pili, ambaye hata helmeti alikuwa hajavua.

Wa tatu ndiye aliyetoa hukumu yenyewe: "Toa hilo boksi la hewa, weka filta za koni, fungua ekzosi, ongeza jeti. Hizi pikipiki zilizibwa kiwandani."

Mwenye pikipiki akatabasamu kama mtu aliyetabiriwa heri. Filta za koni alikuwa amekwisha kuzinunua. Zilikuwa ndani ya begi mgongoni mwake. Hakuna hata mmoja kati ya watu kumi wale aliyekuwa amepima kitu chochote. Hata betri.

Wale si wajinga, na hoja yao nitaieleza kama wanavyoieleza wenyewe. Pikipiki za mbio za miaka ya themanini na tisini, wanasema, zilibuniwa na wahandisi hodari kisha zikatiwa pingu na wanasheria. Na pingu zilikuwapo kweli. Ufaransa haikuruhusu pikipiki yenye zaidi ya nguvu za farasi 100 mpaka 2016. Japani, viwanda vilikubaliana vyenyewe kwamba pikipiki ya cc 400 isipite nguvu 59. Kwa soko la Marekani, kwa ajili ya kanuni za moshi, sindano za kabureta nyingi zilikuja bila vijia vya kusogezea klipu, na injini ikapewa mafuta haba kuliko ilivyotaka. Basi mwenye pikipiki ya zamani ana haki ya kumfungua mfungwa. Na kwa kuwa mfungwa huyo hana kompyuta, mtu yeyote mwenye seti ya spana na Jumamosi mbili anaweza kumfungua nyumbani kwake. Ikisumbua, kinachosumbua ni kabureta, maana ndicho kitu pekee ilichonacho ambacho pikipiki mpya hazina.

Hoja imepangika. Niliihubiri mimi mwenyewe kwa miaka kadhaa, kwa hiyo nazijua nyufa zake zote.

1. Kuhusu mfungwa

Ukimwuliza mwenye pikipiki kama yake ilitengenezewa soko la Ufaransa, hajui. Kama ilitengenezewa California, hajui. Pingu za nchi moja zimefanywa za dunia nzima, na kila pikipiki inayoegeshwa Nairobi inasadikiwa kuwa imetoka gerezani.

Hebu tuwatazame hao wanaodaiwa kuziba. Mwaka 1985 Suzuki walitoa GSX-R750 yenye uzito mkavu wa kilo 176, wakati 750 za wenzao zilikuwa zinapita 200. Mwaka 1992 Honda wakaleta CBR900RR. Tadao Baba, aliyeuongoza mradi huo, aliwinda uzito mpaka injini ya cc 893 ikakaa katika mwili wa kilo 185. Mwaka 1998 Yamaha wakaitangaza R1 yao kwa nguvu 150 na kilo 177. Hawa ni watu waliogombea kila gramu, kwa sababu gramu zilichapishwa magazetini na mshindani alizisoma. Nasi tunatakiwa tuamini kwamba watu haohao walisahau nguvu ishirini za farasi ndani ya boksi la plastiki chini ya tangi, wakamwachia mtu wa Kasarani mwenye bisibisi aje azichukue.

Boksi la hewa si kifuniko cha chujio. Ni chumba chenye ujazo uliopimwa. Silinda nne zinavuta hewa kwa mapigo, na chumba kile kinayatuliza mapigo hayo na kuyarudisha kwa wakati unaofaa. Tena, kabureta za nyingi kati ya pikipiki hizi ni za kiwambo. Unapozungusha mkono huinui pistoni ya kabureta kwa waya. Unafungua kipepeo tu. Kinachoinua pistoni ni tofauti ya shinikizo kati ya koo la kabureta na hewa iliyotulia upande wa boksi, ikipitia mpira mwembamba kama ngozi ya kitunguu. Injini ndiyo inayoomba, na kabureta inaitikia. Ondoa boksi, weka koni nne, na hewa iliyotulia haipo tena. Sasa kila kabureta inapokea hewa yake: ya pembeni inapigwa na upepo wa njiani, ya katikati inavuta joto la injini, na zote zinatikisika kila lori linapopita. Ndiyo maana pikipiki hizo hunguruma vizuri zikisimama, hukimbia vizuri mkono ukizungushwa mpaka mwisho, na pale katikati, ambapo mtu huendesha siku zote, pana shimo. Mwenyewe husema, "Bado nairekebisha jeti." Nimewasikia wakisema hivyo kwa miaka minne mfululizo kuhusu pikipiki ileile.

Ekzosi ina kisa cha kuchekesha zaidi. R1 hiyo ya 1998 ina valvu ndani ya bomba la moshi, inayozungushwa na mota ndogo kwa nyaya mbili. Mizunguko ikiwa ya chini inabana njia ili mawimbi ya moshi yasiivuruge injini, mizunguko ikipanda inafunguka. Valvu hiyo ikizeeka bila kuhudumiwa huganda kwa masizi. Pikipiki inalegea. Mwenyewe anasema kabureta, ananunua bomba wazi, anaitupa valvu na mota yake, na ulegevu uliokuwa ugonjwa unakuwa maumbile. Ila sasa una kelele, na kelele, kwa wengi wetu, ndiyo nguvu.

2. Kuhusu mshtakiwa wa kila siku

Nenda kwa fundi wa bodaboda, yule aliyeketi kwenye kreti ya soda chini ya mwavuli uliochanika. Mpelekee pikipiki isiyowaka. Hataanza na kabureta. Atachomoa plagi, ataigusisha kwenye chuma, atapiga kiki aone cheche. Halafu atachomoa mpira wa mafuta aone kama yanatiririka. Halafu ataziba tundu la plagi kwa kidole gumba, apige kiki tena, asikie kama injini inasukuma. Cheche, mafuta, kompresheni. Dakika tano. Anafanya hivyo kwa sababu mwenye bodaboda amesimama pale akihesabu abiria wanaompita, na pikipiki yake ndiyo unga wa jioni. Hana nafasi ya kubahatisha. Kubahatisha ni anasa, na sisi wenye pikipiki za mbio ndio wenye anasa hiyo.

Mimi niliitumia ipasavyo. Pikipiki yangu, cc 600 ya katikati ya miaka ya tisini, ilianza kukatakata ikipata moto, hasa kwenye foleni, taa zikiwaka na feni ikizunguka. Ni kabureta, nikajiambia. Nikazishusha. Skrubu za Kijapani za zama hizo zina kichwa cha msalaba kinachofanana na kile tunachokijua, lakini si chenyewe: kipimo chake ni JIS, na bisibisi ya Phillips huteleza juu yake na kukila. Nilikula vichwa vitatu. Nikasafisha, nikarudisha. Ikakatakata vilevile. Nikazishusha tena, mara hii, nilipotoa skrubu za kurekebishia mchanganyiko, kipete kimoja cha mpira, kidogo kuliko ushanga, kikarukia majanini na hakijaonekana hadi leo. Nikarudisha bila hicho. Sasa ikawa inakatakata ikipata moto na pia haitulii ikiwa baridi. Mara ya tatu niligundua kwamba mipira inayounganisha kabureta na injini, iliyokuwa imekakamaa kama kwato, ilikuwa imepasuka kwa ule msukosuko wa kuitoa na kuirudisha, na ilikuwa inavuta hewa ya wizi. Masika yote yakaisha. Nilianza na kosa moja. Nikawa na matatu, mawili nikiwa nimeyatengeneza mwenyewe kwa mikono misafi.

Kosa la kwanza lilikuwa soketi. Chini ya kiti kuna nyaya tatu za njano zinazotoka kwenye koili za kuchaji kwenda kwenye rektifaya. Soketi yao, iliyokuwa nyeupe ilipozaliwa, ilikuwa imeungua ikawa kahawia kama maandazi. Ikipata moto inazuia umeme, chaji inaporomoka, feni na taa zinakula kilichobaki, cheche inafifia. Niliikata, nikaunga nyaya kwa risasi, nikazifunga. Nusu saa.

Ningejua hilo siku ya kwanza kwa mita ya umeme ya bei ya chakula cha mchana. Betri iliyopumzika inatakiwa isome volti 12.6 hivi. Injini ikizunguka mara 5,000 kwa dakika, isome kati ya 13.5 na 14.5. Ikisoma 12 na kitu, haichajiwi. Ikipita 15, rektifaya imekufa na betri inachemshwa. Kisha zima, chomoa soketi, pima zile nyaya za njano mbilimbili: ukinzani uwe mdogo sana, chini ya omu moja, na ulingane kwa zote, na kati ya kila waya na chuma cha injini pasiwe na njia kabisa. Mwisho, soma volti za betri huku stata ikizunguka. Mifumo mingi ya cheche ya miaka ile hukata tamaa zikishuka karibu na 9 au 10, na ndipo unapopata pikipiki inayowaka kwa kusukumwa lakini haiwaki kwa kitufe. Hiyo nayo hupelekwa kusafishwa kabureta.

Wapo wakosaji wengine ambao kosa lao hubebeshwa kabureta. Pikipiki inayozima baada ya dakika ishirini na kuwaka tena ukishafungua kifuniko cha tangi: tundu la kupumulia tangi limeziba. Silinda moja yenye plagi nyeusi inayonuka petroli: mara nyingi mpira wa ndani wa koki ya mafuta umetoboka, na petroli inateremka kupitia mrija wa kuvuta hewa hadi silinda hiyo. Kifuniko cha plagi ambacho ukinzani wake umepanda mara kumi. Vyote hivi vinatoa kikohozi kilekile, kwa sababu injini ina kikohozi kimoja tu kwa magonjwa yake yote.

Hapo ndipo hoja ya "badilisha kwanza" inapojila mkia. Namba zote nilizozitaja, na za jeti, na za kimo cha boya ndani ya bakuli, zimeandikwa katika kitabu cha matengenezo kwa pikipiki iliyo kama ilivyotoka kiwandani. Ukishatoa boksi, ukafungua ekzosi, ukabadilisha jeti, kitabu kile si chako tena. Kikohozi kikirudi utakilinganisha na nini? Umemwua shahidi pekee aliyeijua pikipiki ikiwa nzima, kisha unalalamika kwamba kesi haina ushahidi.

3. Jeti kubwa, hewa ndogo

Hili fupi, na linaniudhi kuliko yote. Pakiti za jeti tunazoagiza zina karatasi ya maelekezo, "hatua ya 1" kwa ekzosi, "hatua ya 3" kwa koni, kila hatua na jeti yake kubwa zaidi. Kwa kawaida hesabu hiyo ni ya watu wanaoishi karibu na usawa wa bahari. Nairobi iko mita 1,700 hivi juu ya bahari. Limuru inapita 2,200. Nairobi hewa ni nyepesi kwa asilimia 15 hivi kuliko Mombasa. Kabureta haijui kupanda mlima: inaendelea kutoa petroli karibu ileile kwa hewa iliyopungua, na mchanganyiko unazidi mafuta wenyewe, hata kabla ya mtu kugusa kitu. Kwa hiyo mtu wa Dar es Salaam aliyefungua ekzosi ana kisingizio cha kuongeza jeti. Mtu wa Limuru anayefanya hivyo anamnywesha mlevi. Plagi zinakuwa nyeusi, petroli inaosha kuta za silinda na kuingia kwenye oili, na injini inalegea. Dawa? Koni zinazopitisha hewa zaidi, bila shaka.

4. "Sikio la fundi linatosha"

Pikipiki hizi ni rahisi, tunaambiwa, hazina kompyuta, zinasikilizwa tu. Kabureta nne zinazotakiwa kuvuta sawasawa haziwezi kusikilizwa. Zinafungwa geji nne za mvuto na kulinganishwa. Lakini acha hizo. Chukua valvu.

Injini nyingi za aina hii hazina skrubu ya kurekebishia valvu. Zina visahani vya chuma vilivyopangwa kwa unene, vikipishana kwa 0.05 au hata 0.025 ya milimita, na ili kubadilisha kimoja lazima ushushe kamshafti. Kwa sababu ya tabu hiyo, na kwa sababu injini "inasikika vizuri", pikipiki hufika kilomita 60,000 bila mtu kufungua kifuniko. Inasikika vizuri kweli. Valvu ya moshi inapolika kwenye kitako chake haipigi kelele. Nafasi yake inazidi kubana, na injini inazidi kunyamaza. Siku nafasi inapoisha, valvu haikai tena kitakoni, haipoi, inaungua ukingo. Kompresheni inapungua kwenye silinda hiyo. Asubuhi inakataa kuwaka, ikipata moto inaendelea kidogo. Fundi mwenye sikio anainama, anasikiliza ukimya wa injini inayokufa, anasema: "Injini safi sana hii. Ni kabureta."

5. Bei ya bure

Kufanya mwenyewe nyumbani kunasifiwa kwa kuwa hakuna gharama. Nitaje chache ambazo haziandikwi popote.

Spoketi. Toa jino moja mbele, kutoka 16 hadi 15, na injini inazunguka asilimia 7 hivi zaidi kwa mwendo uleule. Pikipiki inachangamka kweli kwenye taa za barabarani. Lakini katika zile zinazosoma mwendo kutoka kwenye giaboksi, mshale unaongezeka kwa kiasi hichohicho. Mwendo wa juu kabisa haukuongezeka, huenda umepungua. Mshale umepanda, na mwenyewe anauamini mshale. Ndipo hadithi nyingi za Jumapili zinapozaliwa.

Kisha kuna vile ambavyo havibadilishwi. Tazama ubavu wa tairi la pikipiki yenye ekzosi mpya inayong'aa. Tarakimu nne za mwisho: 2311. Wiki ya 23 ya mwaka 2011. Shika mipira ya breki. Ni ile iliyokuja nayo, inavimba ukibana, ndiyo maana mkono wa breki ni mlaini kama embe lililoiva. Oili ya breki hunywa unyevu wa hewa na inatakiwa kubadilishwa kila baada ya miaka miwili hivi. Hii ina rangi ya chai ya rangi. Foku hazijamwagwa oili tangu zije nchini. Mtu ameongeza nguvu, au ameamini ameongeza, kwenye chombo ambacho hakijui kusimama. Ukimwuliza, atasema bajeti imeisha. Ni kweli. Imeishia kwenye kelele.

Na kuna gharama ya mwisho, ambayo huonekana siku ya kuuza au siku ya kutubu. Vipande vya asili havitengenezwi tena. Jeti utapata, filta utapata, ekzosi za kila umbo utapata, kwa sababu zote hizo ni biashara ya watu wengine. Boksi la hewa la pikipiki ya 1996 huna wa kumwagiza, ila mtu mwingine duniani ambaye pikipiki yake imeanguka.

Yule kijana wa Limuru alifunga koni zake. Wiki tatu baadaye aliileta pikipiki nyumbani kwangu kwa pikapu, kwa sababu sasa ilikuwa inakohoa na kulipuka nyuma pia. Nilitoa kiti, nikaweka mita kwenye betri. Imepumzika: 12.1. Tukaibembeleza hadi ikawaka, nikaipandisha mizunguko 5,000: 12.0. Nikafuata nyaya za njano hadi kwenye soketi. Kahawia, kama yangu.

Akaitazama soketi, akaitazama mita.

"Kwa hiyo, mzee, nipunguze jeti au niongeze?"

Tuliunga nyaya jioni ile. Cheche ikarudi, na kile kikohozi cha kwanza kikaondoka. Kilichobaki kilikuwa cha koni. Nikamwambia alete boksi la hewa turudishe kila kitu kilivyokuwa, tupime upya. Akakuna kichwa. Boksi alimpa bure mtu anayepita mtaani kwao akikusanya plastiki. Jana amenitumia picha ya jingine, limekatika sikio moja, liko Uingereza. Bei yake, kabla ya usafiri, ni zaidi ya koni zote nne.